Pembetatu pacha haina juu wala chini, msiwakate watoto maksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo linanikereketa na kila nikilisema kijiweni hapa Mtwara watu wananicheka, eti fundi paa na hesabu za watoto wapi na wapi. Mimi napiga kenchi bwana. Pembetatu nazishika kwa mkono, nazipandisha ukutani, nazipigilia misumari, kwahiyo kwenye hili la pembetatu pacha nadhani nina haki ya kuongea hata kama sijawahi kushika chaki.

Iko hivi. Binti yangu yuko darasa la saba, juzi karudi na karatasi ya mazoezi, zile zinazochapwa mtaani zinazunguka shule hadi shule. Swali linasema pembetatu pacha ina pembe moja yenye nyuzi 40, tafuta pembe mbili zilizobaki. Basi, hakuna mchoro, hakuna maelezo mengine. Mtoto kaandika 40 na 100. Kapigwa kosa jekundu la maana, pembeni kaandikiwa 70 na 70.

Sasa mwenye peni na karatasi hapo alipo anisaidie. Pembetatu pacha ni ile yenye pande mbili zinazolingana, na pembe mbili zinazokaa kwenye kitako, yaani ule upande wa tatu, zinalingana pia, na pembe zote tatu jumla yake nyuzi 180. Kama hizo 40 ndo pembe iliyobanwa kati ya zile pande mbili zinazolingana, inabaki 140, gawa kwa mbili, 70 na 70, mwalimu yuko sahihi. Lakini kama hizo 40 ni pembe ya kitako, basi mwenzake naye ni 40, jumla 80, inabaki 100, na mtoto naye yuko sahihi. Swali halikusema ni pembe ipi! Yaani jibu kamili ni yote mawili na aliyetoa moja apewe angalau nusu, siyo kumchorea mkasi.

Nikaenda shuleni, siyo kwa ugomvi, kuuliza tu. Mwalimu kijana mstaarabu kabisa kanipa na kiti, akaniambia fundi, pembe inayotajwa kwenye swali huwa ni ile ya juu, ndo inavyojulikana. Nikamwambia mwalimu wangu, inajulikana na nani? Akacheka, akasema karatasi imekuja na majibu yake na yeye ana watoto wengi wa kusahihisha. Hapo nilimwelewa, maana kweli darasa limejaa, lakini hili la "pembe ya juu" sikulimeza na ndo limenifanya niandike.

Juu ya nini? Pembetatu inajuaje juu ni wapi? Fungueni madaftari ya watoto wenu muone, pembetatu pacha imechorwa imesimama wima kama hema, kitako chini, ncha juu, ukurasa huu hivyo, ukurasa ule hivyohivyo. Mtoto anakariri picha hiyo. Siku akiletewa imelalia ubavu, upande usiolingana uko kulia au uko juu, anapotea kabisa, anakwambia pembe zinazolingana ni hizi mbili za chini kumbe moja ya hizo za chini ndo ncha yenyewe. Nimemjaribu binti yangu na watoto wa jirani, nimechora mchangani nikaizungusha, nikawauliza zipi zinalingana, wote wakaonyesha za chini. Wote! Na hawa ni watoto wanaojua kuisimulia kanuni neno kwa neno.

Dawa yake ni ndogo sana. Ukitaka kujua pembe zinazolingana usiangalie chini, tafuta pande mbili zinazolingana, uone zinakutana wapi. Hapo zinapokutana ndo kilele, hata kama kimetazama Msumbiji. Zile kona mbili nyingine ndo mapacha. Kwenye mchoro wa kitabu pande zinazolingana huwekewa kijistari kidogo katikati, mtoto afundishwe kuvitafuta hivyo vijistari kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Na kwa walimu, kuhusu lile swali, kuna kitu kizuri mngeweza kukifundisha badala ya kulifunika. Ukipewa pembe moja yenye nyuzi 90 au zaidi, hapo jibu ni moja tu, maana pembe za kitako haziwezi kufika 90, mbili zikifika zimemaliza 180 yote na ya tatu imekosa fungu. Kwahiyo 90 lazima iwe kileleni na zile nyingine ni 45 na 45. Ukipewa chini ya 90, majibu mawili. Isipokuwa 60, hiyo ukiiweka kileleni au kwenye kitako unaishia 60, 60 na 60, tena imekuwa pembetatu sawa kabisa pande zote. Hilo moja tu lingekula kipindi kizima na watoto wangetoka wanabishana njiani, ambacho kwangu mimi ndo kusoma kwenyewe.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Kenchi ya kawaida ya paa la migongo miwili ni pembetatu pacha: mbao mbili za mteremko zinalingana, ile ndefu inayolala toka ukuta hadi ukuta ndo kitako, katikati unasimamisha nguzo. Chukua nyumba yenye upana wa mita 8, unataka mgongo wa paa uinuke mita 3. Nguzo inakaa nusu ya kitako, yaani mita 4 toka kila ukuta, na inasimama kwa pembe mraba. Basi kila mbao ya mteremko ni mita 5 (bila kuhesabu ile inayotoka nje ya ukuta), maana 3, 4 na 5 ndo ile kona yetu ya siku zote, kila fundi msingi anaijua hata asiyejua kusoma: tatu mara tatu 9, nne mara nne 16, jumla 25, ambayo ni tano mara tano. Mteremko wake unakaribia nyuzi 37. Wengi hapa kwetu hawainui hivyo, bati zinakula hela, lakini hesabu ni ileile.

Kilichonifundisha kwamba pembetatu haina chini ni ukuta mbovu. Umepewa nyumba, mpiga tofali kaacha ukuta mmoja umepanda kuliko mwenzake, hajapitisha pima maji. Unapandisha kenchi uliyoiunga vizuri chini, mbao za mteremko zinalingana, nguzo iko katikati ya kitako, ukiirudia kwa futi kamba kila kitu kiko sawa. Ukishusha timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, toka kileleni, haigusi katikati ya kitako, inaangukia pembeni. Kijana wangu msaidizi akataka tubomoe, kasema kenchi imekosewa. Kenchi haijakosewa! Bado ni pacha vilevile, pembe za kitako ziko sawa vilevile, imeinamishwa tu na ukuta. Timazi inafuata mvuto wa dunia, nguzo inafuata kitako. Kitako kikilala sawasawa ndo vinakutana. Ukielewa hilo unajua cha kurekebisha ni ukuta, siyo mbao, na umeokoa pesa ya tajiri.

Jambo hilohilo ndo linatumika mashambani. Wenye mashamba ya kwenye mteremko, kama kule Newala ukianza kushuka kuelekea bonde la Ruvuma, wanapopima matuta ya kukinga maji wanatumia kifaa kinaitwa fremu A. Miti miwili ya urefu sawa inafungwa pamoja juu, mti mfupi unafungwa kukatiza katikati, kila upande umbali uleule toka kileleni, halafu unaning'iniza uzi wenye jiwe toka kileleni. Miguu ikiwa usawa mmoja, uzi unapita katikati kabisa ya ule mti wa kukatiza. Basi unatembea na fremu kuvuka mteremko, unaacha mguu mmoja pale ulipo, unazungusha mwingine mpaka uzi ukae kwenye alama, unapiga kigingi, unaendelea. Vile vigingi ndo mstari wa kuchimba tuta, maji ya mvua hayapati pa kukimbilia na udongo unabaki shambani.

Kwanini inafanya kazi? Kwasababu kwenye pembetatu pacha mstari unaotoka kileleni kwenda katikati ya kitako unakikata kitako kwa pembe mraba, na unaigawa pembe ya kileleni nusu kwa nusu. Mstari mmoja, kazi tatu. Kwenye pembetatu guni, ile isiyo na pande zinazolingana, hizo ni njia tatu tofauti, ya kimo inapita kwake, ya kwenda katikati inapita kwake, ya kugawa pembe inapita kwake. Kwenye pacha zimelaliana. Sasa kama uzi unaning'inia wima na umepita katikati, basi kitako lazima kimelala, hakina njia nyingine. Na kama huna uhakika na katikati yako, kwa vile miti ya porini haijanyooka, kuna ujanja: simamisha fremu popote, weka alama uzi unapopita, halafu igeuze, mguu wa kushoto ukae palepale ulipokuwa wa kulia na wa kulia ulipokuwa wa kushoto, weka alama ya pili. Nusu ya njia kati ya alama mbili ndo usawa wenyewe. Hata fundi mzoefu huwa anashangaa akiona hilo mara ya kwanza.

Mtu ataniuliza, haya fundi, umejuaje pembe za kitako zinalingana, au na wewe umekariri? Chukua karatasi ya mfuko wa saruji, kata pembetatu yenye pande mbili sawa. Ikunje kileleni ili upande mmoja ulale juu ya mwenzake. Urefu ni uleule, kwahiyo ncha inagota kwenye ncha, kona inafunika kona, haipungui haizidi. Sasa fungua uangalie mkunjo: umegawa kileleni nusu, umegawa kitako nusu, na pale ulipokikuta kitako pembe mbili ni pacha na zinakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, jumla 180, kila moja 90. Kanuni yote ipo kwenye mkunjo mmoja. Watoto wa jirani niliwafanyia hivi wakiwa wanamenya ming'oko, hawakuhitaji maelezo ya pili.

Wakubwa wa hesabu nao walihangaika na hili hili. Euclid wa Alexandria, kule Misri, miaka kama 300 kabla ya Kristo, kaliweka hoja ya 5 kwenye kitabu chake cha kwanza, na uthibitisho wake ni mrefu, anarefusha pande zipite chini ya kitako, anachora pembetatu nyingine pembeni, ndo anarudi. Wanafunzi wa Ulaya walikuwa wanakwamia hapo mpaka pakaitwa daraja la punda. Baadaye sana, kwenye karne ya 4 baada ya Kristo, Pappus naye wa hukohuko Alexandria akaja na njia fupi ambayo mimi naipenda kuliko zote. Anasema iite pembetatu A, B, C, kilele kiwe A. Sasa ilinganishe na yenyewe ikiwa imegeuzwa, yaani A, C, B. AB inalingana na AC, AC inalingana na AB, pembe ya A ni ileile. Basi hizo ni pembetatu moja, kwahiyo kona ya B ni sawa na kona ya C. Imeisha. Hakuna mstari hata mmoja wa ziada, na wala hakuna mahali alipotaja juu au chini.

Kinyume chake nacho ni kweli, pembe mbili zikilingana basi pande zinazozitazama zinalingana, hiyo ni hoja ya 6 ya Euclid. Sisi tunaitumia kila siku bila kuiita hivyo, ukianzisha mbao mbili kwa pembe ileile kwenye ncha za kitako zitakutana juu zikiwa na urefu mmoja.

Na wale mnaosema haya ni makubwa mno kwa mtoto, angalieni anapofika sekondari. Anakutana na duara. Chora duara kwa mfuniko wa ndoo, pitisha kipenyo katikati, chagua nukta yoyote kwenye ukingo, iunganishe na ncha mbili za kipenyo. Pembe ya pale kwenye nukta ni nyuzi 90 daima, popote utakapoiweka. Kwanini? Unganisha ile nukta na kitovu cha duara. Umepata pembetatu mbili, na zote ni pacha, maana toka kitovuni kwenda ukingoni urefu ni mmoja. Ya kwanza pembe zake za kitako ziite a na a, ya pili b na b. Pembe za ile pembetatu kubwa zikijumlishwa zote ni 180, yaani a mbili na b mbili, kwahiyo a moja na b moja ni 90, na hiyo ndo pembe yako. Inapendeza eeh? Lakini hizo pacha mbili hapo zimelalia ubavu, vilele vyake viko kitovuni, kitako cha kila moja kinapanda mshazari. Mtoto aliyezoea hema hawezi kuziona hata umtolee macho, atakariri na hii.

Kuna mtego mwingine niliukuta kwenye karatasi ileile, ila huu niliusifia. Pembetatu pacha ina pande za sm 4 na sm 9, tafuta mzingo. Wengi waliandika 17, yaani 4 na 4 na 9. Haiwezekani, 4 na 4 ni 8, hazifikiani juu ya kitako cha 9, jaribu kwa vijiti. Lazima iwe 9, 9 na 4, mzingo 22. Swali hili lina jibu moja na lina akili ndani yake. Kumbe mtunzi anaweza akitaka.

Nyingine ya kuchezea: pacha yenye pande 5, 5 na 6, na pacha yenye pande 5, 5 na 8, ipi ina eneo kubwa? Kila niliyemuuliza kijiweni kasema ya 8. Ya kwanza nusu ya kitako ni 3, kimo 4, eneo 12. Ya pili nusu ya kitako ni 4, kimo 3, eneo 12. Sawasawa! Ni zile kona mbili za 3, 4, 5, umezibandika mgongo kwa mgongo kwa njia mbili tofauti. Mzee mmoja alinikatalia mpaka akachora mwenyewe.

Na kuna wanaobishana kama pembetatu sawa, ile ya pande tatu, nayo ni pacha. Euclid alisema pacha ni mbili tu zilingane. Wanahesabu wa leo wengi wanasema angalau mbili, kwahiyo ya tatu sawa nayo imo. Mimi niko na wa leo kwasababu kila kanuni ya pacha inafanya kazi humo, ila mtoto akijibu la zamani asinyang'anywe maksi, muulizaji ndo aseme anataka lipi. Na aliyesema tanga la ngalawa ni pembetatu pacha, kama nilivyosikia mtu akiwaambia watoto, aende Mikindani na futi kamba.

Ombi langu kwako mhariri ni kwamba gazeti lako likiweka mazoezi ya hisabati kwa wanafunzi, muwaombe watunzi wachore pembetatu pacha zimelala, zimepinduka, zimeinama, ile iliyosimama iwe moja tu katika tano. Na wanaochapa karatasi za mtaani wakiandika "pembe moja" waseme ni ya kileleni au ya kitako, au wakubali majibu yote mawili na waandike hivyo kwenye ile karatasi ya majibu inayokuja kwa mwalimu.

Na watoto wakipata muda wajaribu hili. Tafuta pembetatu pacha ambayo ukiikata kwa mstari mmoja toka kwenye kona inatoa pembetatu mbili ambazo nazo ni pacha. Ya 90, 45, 45 inakubali, ikate toka kileleni. Ya 36, 72, 72 nayo inakubali ila siyo toka kileleni, igawe moja ya zile 72 nusu kwa nusu uone kinachotokea. Ziko nyingine mbili, sizitaji. Binti yangu kapata moja jana usiku, hiyo ya mwisho bado inamsumbua na mimi nimegoma kumwambia.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi kenchi,
Chuno, Mtwara